Kompyuta ya Mama na Adui Joto

Jana muuza magazeti wa kona ya karakana yangu alinirudishia chenji, kisha akaning'ang'ania mkono.

"Fundi, wale mke na mume wameshapatana?"

Watu waliokuwa pale wakaangua kicheko. Nikacheka nao, ningefanyaje? Aibu yenyewe nimeitangaza mimi gazetini.

Wewe unayeingia leo usione umeachwa. Mimi ni fundi wa friji, mwaka wa kumi na tisa sasa, na wateja wananiita Barafu. Nilijitia kiherehere nimuundie mama yangu kompyuta ya kuchezea gemu, kipande kwa kipande, kwa mikono yangu hii. Wiki iliyopita nilinunua prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya ukoo mmoja, na madabodi, ubao unaobeba vipande vyote, ya ukoo mwingine, vikakataa katakata kuingiliana. Ndio hao mke na mume.

Ndiyo, nimesema mama yangu. Ana miaka sitini na sita, karani mstaafu wa taipu, na vidole vyake havijasikia habari ya kustaafu.

Gemu yenyewe ni ya mbio za magari. Hachezi kwa sababu ya magari. Anacheza kwa sababu ya dada yake.

Mama Mkubwa anaishi ng'ambo. Siku ya mazishi ya bibi, mama yao mzazi, ndege yake ilichelewa, akafika kaburi limeshafukiwa. Mama, kwa uchungu, akamtazama dada yake, akasema mbele za watu: "Wageni wapewe chai." Mama Mkubwa akageuka palepale na begi lake. Alipopiga simu kutoka uwanja wa ndege ajieleze, Mama akamsikiliza nusu sentensi, akakata.

Huu ni mwaka wa tisa. Hakuna salamu, hakuna "poleni", hakuna chochote.

Sasa Mama Mkubwa kazeekea kwenye hiyo gemu. Binti yake ndiye aliyetupenyezea habari, na ndiye aliyepeleka ombi letu la kucheza naye. Jibu lilirudi fupi: "Mwambieni nitacheza naye Jumamosi, saa kumi alasiri ya huko kwenu. Mara moja tu. Akinikatia kama alivyonikatia siku ile, asinitafute tena mpaka tuzikwe."

Hapo ndipo tulipoachana. Jumatano imefika, Jumamosi inakuja mbio, na mimi nina prosesa na madabodi visivyosalimiana.

Asubuhi hiyo nilimchukua Mama tukaenda dukani. Duka liko ghorofa ya pili, juu ya mafundi simu, chumba chembamba chenye kaunta ya kioo na maboksi mpaka darini. Mwenye duka ni dada mmoja ambaye miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni, na akitaka kukusema vibaya huivaa kwanza. Tunamwita Miwani. Kwenye mashine yake ya maonyesho ndipo Mama alipojifunzia kuendesha, mchana baada ya mchana, wateja wamemzunguka wakimshangilia.

"Shikamoo Mama," alisema Miwani.

"Marahaba binti yangu. Nimemleta huyu aombe radhi."

Miwani akavaa miwani. Nikajua.

"Fundi, nilikuuliza ukiwa umesimama hapohapo. Nilisema, nikuchagulie madabodi? Ukanijibuje?"

"Niliteleza."

"Ulisema chuma ni chuma."

Mama akatazama dari. Miwani akaikagua madabodi kwa kurunzi, akaona sijaiharibu, akanibadilishia inayoendana na prosesa. Roho yangu ikatulia, na roho yangu ikitulia huwa mdomo unaanza.

"Sasa," nikasema, "tuchague vilivyobaki kitaalamu."

Ndugu zangu, laiti ningekuwa nimekwenda kunywa maji.

Fedha ya Mama ilitosha kitu kimoja kiwe cha nguvu: ama tuongeze tupate prosesa kubwa zaidi, au tubaki na hiyo tununue kadi nzuri ya picha. Mimi sikuona cha kujadili.

"Prosesa," nikasema. "Prosesa ndiyo kompresa. Ukiwa na kompresa dhaifu, huna friji."

"Hii siyo friji," alisema Miwani.

"Kanuni ni ileile."

"Fundi, magari, barabara, mvua, vumbi, vyote vinachorwa na kadi ya picha. Kadi ikiwa dhaifu, gari la Mama litakwenda kwa kurukaruka kama lina kwikwi."

"Dada, mashine nazijua."

Mama akaweka mkoba wake juu ya kaunta, katikati yetu.

"Binti, ungekuwa unamfungia mama yako mzazi, ungeweka ipi?"

"Kadi, Mama. Prosesa hiyo inamtosha kabisa."

"Basi kadi."

Kesi ikafungwa. Mimi nikabaki nimeshika boksi la prosesa kubwa kama mtu aliyekuja na zawadi kwenye sherehe iliyoahirishwa.

Kwenye kibodi Mama hakuomba ushauri wa mtu. Alifumba macho, akazipitia zote sita zilizokuwa mezani, kila moja akiiandikia sentensi ileile aliyokuwa akijaribia mashine za taipu ofisini. Ya nne akaipiga mara mbili, akatabasamu.

"Hii inajibu," alisema.

Kwenye kasha akachagua lenye ubavu wa kioo. Nikamwambia la bati ni imara zaidi.

"Nataka nione ndani," akasema. "Maisha yangu yote mafundi wananiambia kila kitu kiko sawa, wakiwa wameshafunga kifuniko."

Miwani alicheka mpaka kamba ikamkwama kwenye kola.

Ikaja zamu ya RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Miwani akatoa vijiti viwili vyenye uwezo mdogo na kimoja chenye uwezo mkubwa, akasema jumla ni sawasawa, lakini viwili hufanya kazi kwa kusaidiana, mashine ikawa nyepesi.

"Viwili," alisema Mama haraka. "Ndugu wawili wakishikana..."

Hakumalizia. Akafungua mkoba, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo, akaufunga. Mimi na Miwani tukajifanya tunasoma maboksi.

Nilipotaka kuleta pawa saplai kuukuu, kile kisanduku cha kugawa umeme, iliyokuwa karakanani, ili tuokoe kidogo, Miwani akainuka kwenda kwenye rafu. Aliweka mpya kwenye boksi letu, akaigonga kwa kidole.

"Hii ikifa, inaweza kufa na wenzake. Na nisikilize vizuri, fundi. Adui wa mashine hii ni mmoja tu. Joto."

Mimi? Joto? Unamwambia nani?

Nikacheka kicheko cha kitaalamu, kile tunachowachekea wateja wanaotufundisha kazi. "Dada yangu, joto nimepigana nalo miaka kumi na tisa. Halijawahi kunishinda."

"Sawa, lakini hewa iingie kwa mbele na chini, halafu..."

"Najua, najua."

"Fundi, sijamaliza."

"Utamaliza siku ukija kuiona inavyofanya kazi."

Akavua miwani, akaiacha ining'inie. Alikuwa amenichoka. Ninayaandika haya ili mjue kwamba nilipewa dawa mkononi, nikaimwaga mwenyewe.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikajifungia sebuleni kwa Mama. Nilitandika shuka safi mezani, nikapanga skrubu kwenye visosi vitatu, nikaanza.

Lazima niseme ukweli hata kama unanisifu: niliifunga vizuri. Prosesa ikakaa yenyewe bila kulazimishwa. Ile dawa nyeupe ya kupitishia joto niliipaka kidogo tu, kiasi cha punje ya mahindi. Vijiti viwili vya RAM vikaingia, ta, ta. Kadi ya picha ikajaza nusu ya kasha. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi na kibodi yake mapajani, haijachomekwa popote, anajipasha vidole.

Mke wangu akaingia na mkate wa moto. Yeye ni mwokaji, ana oveni yake nyuma ya nyumba yetu, na ana kawaida ya kunusa mahali kabla ya kusalimia.

"Inawaka?" aliuliza.

Nikawasha. Feni zikazunguka, skrini ikapata nuru, maandishi yakatokea. Mama akapiga makofi. Mke wangu akanikumbatia na unga wake wote. Kwa dakika tano hivi hakukuwa na fundi kama mimi duniani.

Nikazima, nikafunga kioo cha ubavuni, nikawasha tena ili nijisifu vizuri. Ndipo nikapitisha mkono nyuma ya kasha.

Upepo.

Nikapitisha mbele. Wavu mtupu, matundu kama kichujio cha chai. Nikainamia chini. Matundu! Juu, matundu! Kwa kweli nilishtuka. Kasha zima lilikuwa linavuja.

Nieleweni. Mimi nikiingia nyumbani kwa mtu, kitu cha kwanza ninachokagua ni mpira wa mlango wa friji. Ukiona mpira una ufa hata wa kupitisha karatasi, baridi inatoka, joto linaingia, mashine inahangaika mpaka inakufa. Hiyo ndiyo kazi iliyonilea. Halafu Miwani, aliyenihubiria joto, kaniuzia kasha lenye matundu zaidi ya mia!

"Wamesahau kuliziba," nikasema.

"Nani?" aliuliza mke wangu.

"Waliolitengeneza."

Nikaenda kwenye pikipiki nikatoa roli la mpira mpya wa mlango wa friji. Mke wangu akaliona, macho yakamtoka.

"Huo si mpira wa friji letu?"

"Ni huo."

"Ulioniahidi tangu mwaka jana? Friji ninalolifunga kwa kamba?"

"Hili ni la dharura."

Mganga hajigangi, ndugu zangu, na mke wa mganga ndiye anayelijua hilo kuliko wote.

Nikakata vipande kwa kisu, nikapaka gundi, nikaanza na mbele. Mke wangu akakunja mikono.

"Hivi hayo matundu hayakuwekwa makusudi?"

"Ya nini?"

"Oveni yangu ina bomba. Joto likikosa pa kutokea, mkate unaungua juu, ndani mbichi."

"Oveni ni ya kupasha. Hii ni ya kupoza. Ni vitu viwili tofauti."

"Lakini kinachopata moto kiko ndani."

"Mke wangu, kila mtu na fani yake."

Akatikisa kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akakata mkate.

Nilimaliza mbele, juu, nyuma na chini, hata pale pawa saplai inapovutia hewa. Nikazungusha mpira kwenye ukingo wa kioo, kikafunga kwa mvuto mzuri sana, kama friji la hoteli. Nikawasha nusu dakika kusikiliza. Kimya kabisa, upepo hausikiki popote.

"Mbona haipumui?" Mama aliuliza.

"Huo ndio ufundi, Mama."

Alitaka aendeshe raundi moja ya kujaribu. Nikamkatalia. Friji likishahamishwa huachwa litulie kabla ya kupewa kazi, kila fundi anajua. Nikaizima, nikaifunika kitambaa, nikasema itulie mpaka kesho. Hilo nalo mliandike kwenye daftari la makosa yangu.

Jumamosi saa tisa na nusu Mama alikuwa ameshavaa. Gauni la kutokea, hereni, na mafuta kichwani.

"Mama, hatakuona."

"Mimi nitajiona."

Nikawasha. Binti yake Mama Mkubwa alikuwa ametupa maelekezo ya kuingia, tukayafuata moja baada ya jingine. Nikaweka spika mbili mezani na maiki mbele ya Mama. Mke wangu alisimama nyuma ya kochi. Saa kumi kamili jina lilitokea kwenye skrini, na gari jekundu likajipanga pembeni ya gari la kijani la Mama.

Kwenye spika tukasikia mtu anavuta kiti.

Nilijikaza. "Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako ni ileile." Kisha baridi ikaingia sautini mwake. "Yupo?"

"Yupo."

Mama akavuta kibodi karibu. Miaka tisa si mchezo.

"Basi tuanze," alisema Mama Mkubwa.

Magari yakaondoka. Mzunguko wa kwanza ulikuwa ngurumo tu. Kadi ya picha, nimpe Miwani haki yake, ilikuwa inachora mpaka matone ya mvua kwenye kioo cha gari. Vidole vya Mama vilikwenda kama anaandika barua ya mkurugenzi. Mzunguko wa pili, kwenye kona, gari la kijani likajipenyeza ndani, likapita.

"Wewe!" Spika zilitetema. "Unapita ndani! Kama ulivyokuwa unanifanyia tukikimbiza ringi za baiskeli utotoni!"

"Ulikuwa unaacha nafasi," alisema Mama.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa dada yake tangu siku ile ya simu.

"Nilikuwa nakuachia! Ungelia mpaka jioni."

Mama akacheka. Upande wa pili nao kicheko kikapasuka, kilekile, mngedhani ni mtu mmoja anacheka kwenye vyumba viwili. Mke wangu alinibana bega. Sikumwangalia, maana machozi yalikuwa yananilenga.

Wakaendelea hivyo. Mbio ya kwanza Mama alishinda. Ya pili akashinda Mama Mkubwa. Wakaanza ya tatu, na sasa walikuwa wanatajana majirani wa utotoni, nani alianguka mtaroni, nani alificha fimbo ya nani. Muda huo wote feni zilikuwa zinavuma zaidi na zaidi. Mimi nilidhani ni injini ya gari la Mama.

Katikati ya mbio, kwenye barabara iliyonyooka, gari la kijani likapunguza mwendo. Mama alikuwa ameondoa vidole kwenye kibodi. Gari jekundu nalo likapunguza, likasimama ubavuni mwake.

"Dada," alisema Mama.

"Nini?"

"Shikamoo."

Msomaji wangu, mdogo kumpa mkubwa wake shikamoo ni kitu cha kila asubuhi. Lakini hii ilikuwa imezuiliwa miaka tisa. Kwenye spika tulisikia Mama Mkubwa akivuta hewa ndefu.

"Mdogo wangu," akaanza, na sauti ikamkatika. "Siku ile, kabla sijafika..."

Tap.

Skrini nyeusi. Spika kimya. Feni zimesimama.

Nikarukia kasha. Kioo kilikuwa cha moto kiasi kwamba niliondoa kiganja kwa yowe. Harufu ya mpira na gundi ikajaa sebuleni, na mke wangu, ambaye pua yake haijawahi kukosea, akaenda moja kwa moja kufungua dirisha. Nilipasua mpira wa nyuma kwa kucha, likanitoka joto usoni kama nimefungua oveni yake.

"Nini hiki?" Mama aliuliza.

"Joto, Mama. Nililifungia ndani. Ni mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Yeye ataona nini huko?" aliuliza polepole.

Sote tulijua. Huko ataona dada yake amemsikiliza nusu sentensi, akakata.

"Washa."

"Haiwezi kuwaka sasa hivi, Mama. Mpaka ipoe."

"Nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Nitafutie namba ya dada yangu."

Miaka tisa amekuwa akimwita "yule wa ng'ambo". Nikaitafuta namba aliyotupa binti wa Mama Mkubwa, nikampa.

Iliita mara moja, mbili, tatu. Mara ya nne ikakatwa.

Mama aliitazama simu. "Amenikatia," alisema, na nikaona jinsi ilivyomwingia. Mke wangu alikwishapiga magoti kwenye kasha, anabandua mpira vipande vipande bila kunitazama.

Nilidhani Mama ataiweka simu chini, namjua kiburi chake, ndicho nilichorithi. Badala yake akabonyeza tena namba ileile. Ikaita, ikaita, ikaita.

Ikapokelewa.

Upande wa pili tulisikia kiti kikisogea. Mama akainuka, akanyoosha gauni lake, akasimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya wakubwa.

"Sikukata, dada," alisema. "Shikamoo."

Akangoja marahaba.